Hakimu Aliyekataa Kuambiwa Ndiyo

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sijui, na hata ningejua nisingesema. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuulizwa swali kama hilo akajibu, "Linahusiana vipi na shauri lililo mbele yetu?" Sisi tulimwita Mheshimiwa. Mahakimu wote huitwa hivyo, ni stahili yao, ila kwake tulilitamka neno lile kama mtu anayetaja ugonjwa aliokwisha kuuzoea.

Nilikuwa karani wake kwanza upande wa Kisarawe, halafu Kibaha. Alihamishwa yeye, tukamfanyia sherehe ya kumuaga ambayo watu walifurahi kupita kiasi, na haikupita muda nami nikapewa barua ya kumfuata. Mahakama zenyewe sizitaji, zina wenyewe.

Kwa asiyewahi kufika mahakamani niseme jambo moja. Hakuna mtu anayependwa na watumishi wa mahakama kama mshtakiwa anayekiri. Anayekana ni mzigo: ataitiwa mashahidi, mashahidi hawatafika, kesi itaahirishwa, jalada litanenepa mpaka lifungwe kwa kamba. Anayekiri ni baraka. Namsomea shitaka, anasema "ni kweli". Mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kosa, anasema tena "ni kweli". Hakimu anamtia hatiani, anatoa adhabu, na sisi tunakwenda kunywa chai vitumbua vikiwa bado vya moto. Haki imetendeka, na imetendeka kabla ya saa nne.

Mheshimiwa alituharibia utaratibu huo mzuri. Mshtakiwa akisema "ni kweli", yeye alifunika kalamu yake, akaiweka mezani, akavua miwani, akauliza, "Ni kweli nini?"

Swali gani hilo la kumuuliza mtu aliyelala mahabusu, aliyefundishwa na wenzake neno moja tu la kusema? Wengi walibabaika. Wengine walininyooshea mimi kidole, wakajibu, "Hayo aliyosoma huyu mama." Naye akasema, "Huyu mama amesoma mengi. Wewe umefanya lipi?" Hapo mwendesha mashtaka aliangalia saa, askari aliangalia paa, na mimi niliangalia dirishani, ambako harufu ya vitumbua ilikuwa inapita bila kutusubiri.

Msidhani alikuwa mtu mpole. Watu wakisikia hakimu anayewauliza washtakiwa maswali wanamfikiria mzee wa huruma, mwenye sauti ya taratibu. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza na huruma yake kama alikuwa nayo aliificha vizuri mno. Nikikosea herufi moja kwenye mwenendo wa kesi alinirudishia ukurasa mzima. Kwenye sherehe za ofisi alikunywa maji ya moto, maji matupu, hayana majani wala sukari, na akawaangalia waliokuwa wanakula nyama kama anasikiliza ushahidi dhidi yao.

Na yeye mwenyewe, katika miaka yote niliyomfahamu, hakuwahi kukiri kosa hata moja. Siku moja alirudisha gari nyuma akagonga mojawapo ya mawe yale yaliyopakwa chokaa kuzunguka nguzo ya bendera. Taa ya nyuma ikavunjika. Tulikuwa tumesimama barazani, wote tumeona. Akashuka, akalitazama jiwe, akasema, "Nani ameliweka hapa?" Jiwe lile lilikuwapo kabla yake, na nadhani lilikuwapo kabla ya mahakama. Mhudumu wa ofisi aliambiwa alihamishe. Likahamishwa. Taa ya gari ilibaki hivyo hivyo mpaka anastaafu, maana kuitengeneza kungekuwa namna ya kukubali.

Mke wake alikuwa mwalimu, akifundisha shule moja maeneo ya Tumbi, mwanamke mcheshi ambaye sijui alimpatia wapi mume yule. Tulimwita Mama Mwalimu. Mara ya kwanza nilipofika kwao kupeleka majalada, nikakuta Mheshimiwa anamfokea mlinzi kwa sababu mbuzi wa jirani wamekula mchicha. Mlinzi alifungua mdomo mara tatu, na mara zote tatu ukafungwa kwa niaba yake. Nikamwambia Mama Mwalimu, kwa mshangao wa kweli, kwamba kule kazini mzee huyu anaweza kumsikiliza mwizi wa kuku asubuhi nzima.

"Huko kwenu anauliza," alisema, akinimiminia chai. "Hapa nyumbani anahukumu."

Watoto wao walikuwa wanne. Walipokuwa wadogo, aliniambia, waligundua njia moja tu ya kujiokoa: baba akiingia, mnasema wote kwa pamoja kwamba ni nyinyi. Akishindwa kujua amchape nani, anaenda kuoga.

Nirudi mahakamani. Kulikuwa na mama mmoja mpika gongo, ile pombe haramu, mzoefu, ambaye alikuwa anatufahamu wote kwa majina ya watoto wetu. Yeye alimweza. Siku aliyoletwa mbele ya Mheshimiwa, hata sijamaliza kusoma, alisema, "Mheshimiwa, ni kweli nimepika, ni kweli mtambo ni wangu, ni kweli nilikuwa na akili timamu na hakuna aliyenilazimisha wala kunidanganya. Nifunge nikapumzike, miguu inaniuma." Mheshimiwa alitafuta swali la kumuuliza, akalikosa. Nadhani ndiye mtu pekee aliyewahi kumwacha bila neno.

Lakini wapo waliokuwa na neno na wasiruhusiwe kulisema. Kesi za mauaji husikilizwa na mahakama ya juu. Huku chini mshtakiwa huletwa tu kutajwa, na akisomewa shitaka huambiwa asijibu kitu, kwa kuwa mahakama haina mamlaka ya kupokea jibu lake. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeshtakiwa kumuua mdogo wake kwa jembe, ugomvi wa mpaka wa shamba. Kila alipoletwa alisema, "Mheshimiwa, ni kweli nimemuua ndugu yangu." Na kila alipoletwa aliambiwa, "Hutakiwi kujibu chochote." Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu: yule asiyeelewa alichokubali tuliandika haraka, na huyu aliyeelewa vizuri kuliko sisi sote tulimwambia anyamaze.

Mara ya mwisho kumuona yule mzee hakusema kwa sauti. Alinong'ona tu, kama mtu anayejisemea. Mheshimiwa akafunika kalamu, akamwinamia kutoka juu ya meza.

"Mzee, nimekusikia," akasema. "Tangu siku ya kwanza nimekusikia. Ila siwezi kuandika."

Yule mzee akatikisa kichwa, akashuka kizimbani. Siku ile Mheshimiwa aliahirisha kesi zote zilizobaki, akajifungia ofisini kwake mpaka jioni. Tukafurahi sana, maana tulitoka mapema.

Kesi iliyompa jina baya kuliko zote ni ya Shomari, mkulima wa mihogo kutoka upande wa Maneromango, mtu wa makamo, mwembamba, aliyevaa shati lililofungwa vifungo hadi shingoni kama anakwenda kuposa. Alishtakiwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Hati ilisema alimtishia mtu kwa panga akamnyang'anya pikipiki. Nilipomaliza kusoma akasema, kwa sauti safi kabisa, "Ni kweli, Mheshimiwa."

Mwendesha mashtaka akafunua karatasi yake ya maelezo. Kosa lile adhabu yake inajulikana, miaka thelathini, hakimu hana pa kupunguza. Ingekuwa kazi ya dakika chache. Kalamu ikafunikwa.

"Ni kweli nini?"

"Pikipiki niliichukua."

"Ya nani?"

Shomari alimtazama kama ameulizwa jina la mama yake. "Yangu. Mimi na shemeji yangu tuliinunua pamoja. Yeye akakaa nayo, akawa hanipi. Nikaenda kuichukua."

"Na panga?"

"Nilikuwa nalo."

"Ulimfanyia nini nalo?"

"Nilikuwa natoka shamba, Mheshimiwa. Ningeliweka wapi?"

Watu wakacheka. Mheshimiwa aliwatazama mpaka wakaacha. "Kwa nini umesema ni kweli?"

"Niliambiwa nikikubali nitarudi mapema. Mihogo yangu inaliwa na nguruwe."

"Nani amekuambia?"

Shomari akageuka kumtafuta aliyemwambia. Ni ajabu namna askari waliokuwapo pale walivyokuwa na shughuli za ghafla, huyu anafunga kamba za viatu, yule anahesabu pingu.

"Shomari," Mheshimiwa akasema, "nikiandika ulivyosema mwanzo, utafungwa miaka thelathini."

"Miaka thelathini ya nini?"

"Ya jela."

"Kwa pikipiki yangu?"

Mheshimiwa akafunua kalamu. "Mshtakiwa amekana," akasema huku anaandika.

Mwendesha mashtaka akasimama, akijaribu kubaki na adabu. "Mheshimiwa, sote tumemsikia amekiri."

"Amekiri kwamba ana shemeji," Mheshimiwa akajibu. "Kaa chini."

Hadithi nzuri ingeishia hapo, Shomari anarudi kwa mihogo yake na sisi tunafuta machozi. Bahati mbaya hii ni mahakama. Kosa lile halina dhamana. Mtu aliyeokolewa kutoka miaka thelathini alirudishwa mahabusu, akakaa huko masika yakapita, vuli ikapita, na masika mengine yakaja, akisubiri shemeji aje kutoa ushahidi. Barabara ya kule mvua ikinyesha unaijua mwenyewe. Na hata ilipokauka shemeji hakuja. Hatimaye kesi ikafutwa. Mihogo kwa wakati huo ilikuwa imekwisha kuliwa yote na wasioshtakiwa.

Katikati ya kusubiri kule, mke wa Shomari alikuja mahakamani akamkuta Mheshimiwa barazani. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Hakumsalimia.

"Wewe ndiye uliyemkataza mume wangu asikubali?"

"Ndiyo, mama."

"Angekubali angekuwa amesharudi nyumbani. Waliokubali wote wamerudi. Wa kwako wewe ndio wanaozea ndani."

Nikataka kumweleza mambo ya miaka thelathini. Mheshimiwa akaninyamazisha kwa mkono.

"Sawa, mama," akasema. "Nimekuelewa."

Yule mwanamke alisubiri, labda alitegemea kubishana. Alipoona hakuna la zaidi, akaondoka. Ofisini watu waliisimulia habari ile kwa miezi, namna mtu aliyejifanya mwokozi alivyopashwa na mwanamke wa shamba. Mimi nilicheka nao. Ilichekesha.

Wakubwa nao walikuwa na maoni. Mafaili yake yalikuwa hayaishi, na kila alipokuja mkaguzi aliuliza kwa nini mahakama nyingine zinakwenda mbio na yetu inatambaa. Baadaye ikaja sheria ya makubaliano, kwamba mshtakiwa na upande wa mashtaka wanaweza kukaa, wakaelewana akiri nini na apunguziwe nini. Tulipelekwa semina, tukala kuku, tukapewa mikoba. Mwezeshaji alitueleza kwamba hakimu katika jambo hili kazi yake ni ndogo: kuhakikisha mtu amekubali kwa hiari. Mheshimiwa akanyoosha mkono, akauliza, "Hiyo ndogo inachukua muda gani?" Mwezeshaji akasema itajibiwa kipindi cha mchana. Mchana tulipiga picha ya pamoja.

Alistaafu kimya kimya. Hakutaka sherehe, na kusema kweli hakuna aliyeng'ang'ania. Akanunua shamba la minanasi upande wa Kisarawe, nyumba ya Kibaha akaiacha kwa Mama Mwalimu na kitindamimba wao. Akaletwa hakimu mpya, kijana nadhifu, mwenye viatu vinavyong'aa, aliyewahi kufanya mafunzo chini ya Mheshimiwa na kuapa, tulivyoelewa, kutofanana naye. Majalada yakapungua. Wakaguzi wakatabasamu. Vitumbua tukavipata vya moto.

Nilikuja kumuona tena asubuhi moja ya mwaka jana. Nimeingia chumba cha mahakama na majalada yangu, namkuta ameketi benchi la mwisho nyuma, kati ya mama mwenye kapu na mwendesha bodaboda. Amevaa shati la mikono mifupi. Nikamfuata.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Endelea na kazi yako."

Nikajua alichofuata nilipofungua jalada la tatu. Mshtakiwa alikuwa kitindamimba wake, kijana wa miaka ishirini na kitu. Alikuwa mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara ya Morogoro, na alishtakiwa kwa wizi akiwa mtumishi: mifuko ya saruji. Nikamsomea. Yule mtoto nimemuona akiwa na kaptula ya shule.

"Ni kweli," akasema.

Hakimu kijana aliinua macho. Alikuwa amekwisha kumuona mzee kule nyuma, na jina la ukoo lilikuwa kwenye hati. Nikamuona anasita, kisha akafanya kitu ambacho sikuwahi kumuona akifanya. Akaweka kalamu mezani.

"Uliposema ni kweli," akasema kwa upole, "labda ulimaanisha kwamba ulikuwa zamu siku hiyo?"

Kijana akafungua mdomo. 

"Labda funguo za stoo alikuwa nazo mtu mwingine pia? Inawezekana ulikabidhiwa mzigo pungufu bila kujua?"

Mwendesha mashtaka alikuwa anasoma kucha zake. Hakuna aliyekuwa na haraka ya chai siku ile. Tumeona wote zawadi inavyosogezwa mezani, kilichobaki ni kijana kuipokea. Sema "ndiyo, labda", itaandikwa umekana, upate dhamana, urudi nyumbani, na shahidi wa saruji tunajua namna anavyochoka kufuatilia. Kijana akageuka, akamtazama baba yake.

Mzee akasimama. "Mheshimiwa, naomba kusema."

Askari akaanza kumfuata. Hakimu kijana akamzuia, na kwa kuchanganyikiwa akasema kutoka pale juu, "Shikamoo, mzee. Tafadhali kaa."

"Marahaba," mzee akasema. Watu wakaguna. "Nitakaa. Ila kwanza niambie, unamuuliza, au unamfundisha?"

 Kwa mtu mwingine yeyote ile ingekuwa dharau kwa mahakama. Hakimu kijana akainamia karatasi zake, masikio yamemwiva. Nilidhani atatoka nje kwa hasira. Alipoinua kichwa, sauti yake ilikuwa nyingine.

"Mshtakiwa," akasema, "achana na maswali yangu. Eleza mwenyewe ulichofanya. Hakuna anayekuharakisha."

Akasubiri. Ilichukua muda. Kisha kijana akaeleza: kwamba mwenye duka akienda kula mchana, yeye alipakia mifuko kwenye guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, akaipeleka kwenye nyumba inayojengwa mtaa wa Picha ya Ndege. Funguo alikuwa nazo peke yake. Hakutumwa na mtu. Aliulizwa kama anafahamu anaweza kufungwa, akasema anafahamu. Aliulizwa kama yupo aliyemwahidi kitu, akasema hapana. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo, kijana akayakubali moja moja, na pale idadi ya mifuko ilipokosewa akaisahihisha kwa kuiongeza.

Alifungwa mwaka mmoja. Mzee alisikiliza hukumu ameketi, mikono juu ya magoti. Sikuona kitu usoni kwake, lakini uso ule haukuwahi kumwonyesha mtu kitu.

Nilipotoka nje kumtafuta, nilimkuta uani karibu na karandinga la magereza, ameshika mfuko wa plastiki. Mama Mwalimu alikuwa getini, amekaa juu ya ukingo wa maua, ameupa mgongo uwanja wote. Hakuingia mahakamani, na alivyokaa niliona wazi kwamba mume wake hangesemeshwa leo wala kesho.

Mzee alimkabidhi askari magereza mfuko. Askari akavitoa vitu kimoja kimoja: sabuni ya kipande, mswaki, dawa ya meno, ndala. Vyote vipya, ndala bado zina karatasi ya bei. Alikuja navyo kutoka nyumbani. Mwisho akatoa sweta la rangi ya kahawia, zito, la kufumwa.

"Hili haliruhusiwi, mzee."

Nikasubiri aulize ni kifungu gani, amwite mkubwa wake, aseme kanuni imekosewa. Nilikuwa nimejiandaa kabisa.

"Ana kifua," akasema. "Usiku kinambana."

"Najua, mzee. Haliruhusiwi."

Akalipokea. Kijana alikuwa amekwisha kupandishwa, tunaona vidole vyake tu kwenye wavu. Karandinga likawaka, likageuka, likashika barabara. Mzee akabaki amesimama na lile sweta, hajui alishike vipi. Akalikunja, akalikunjua. Mwisho akaliingiza kichwani, akavuta mikono mpaka kwenye viganja, akalinyoosha kifuani. Ilikuwa saa saba mchana, Kibaha, jua la mwezi wa pili, watu wanatembea na vitambaa vya kufutia jasho.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "joto."

"Najua," akasema, akaanza kutembea kuelekea getini alikokaa mke wake.